Kijana wangu ameacha mpira na sasa ananuka bangi. Nimrudishe uwanjani?

SWALI: Daktari, nakuandikia kutoka Busia, upande wa Uganda. Nina kijana wa miaka 16, yuko S3 (kidato cha tatu) katika shule ya bweni. Alikuwa anacheza namba saba kwenye timu ya shule, lakini muhula uliopita aliachwa kikosini, na tangu hapo hataki hata kusikia habari za mpira. Likizo hii nimemkuta mara mbili ananuka bangi, na dada yake anasema hutafuna mairungi (miraa) na wenzake kwenye kibanda cha video. Shangazi yake ananishauri nimtafutie akademi ya mpira, eti akichoka ataacha. Jirani anasema mpira ndio uliomharibu, maana alikuwa akicheza na timu ya mtaa na wale wakubwa ni walevi. Baba yake, mwanajeshi mstaafu, anataka kumkimbiza kila alfajiri mpaka bangi imtoke. Nimsikilize nani? Mama, Busia.

JIBU: Pole sana, Mama. Nianze na jibu fupi ili usisome kwa presha: mrudishe kwenye mazoezi, ndiyo, lakini chagua mazoezi gani na ya nani, na usitegemee kwamba mpira peke yake utaimaliza bangi. Hao watu watatu wote wana ukweli ndani ya maneno yao. Kila mmoja anazungumzia jambo lake tu: shangazi anazungumzia uchovu, jirani anazungumzia kampani, mzee anazungumzia nidhamu. Mwanao anayahitaji mawili kati ya hayo, na la uchovu ndilo ninaloliamini kidogo kuliko yote.

Nianze na jirani, kwa kuwa maneno ya namna yake ndiyo wazazi huyapuuza haraka. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Matthew Kwan walikusanya tafiti 17 zilizowafuatilia vijana kwa muda, ili kuona waliocheza michezo waliishia wapi kwenye pombe na dawa za kulevya. Kwa dawa za kulevya kwa jumla, tafiti nyingi zilionyesha kwamba wachezaji hutumia kidogo kuliko wasiocheza. Bangi ilipotazamwa peke yake, matokeo yaligawanyika: karibu nusu ya tafiti zikaona faida, zilizobaki hazikuiona. Kwa pombe mambo yaligeuka kabisa. Zaidi ya nane kati ya kila tafiti kumi zilikuta wachezaji wakinywa zaidi.

Kwa nini? Mwaka 2011 Yvonne Terry-McElrath na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichambua majibu ya wanafunzi wa Marekani ya tangu 1991 hadi 2009, wakatenganisha kufanya mazoezi ya mwili na kuwa mwanachama wa timu. Wanafunzi waliofanya mazoezi zaidi walitumia pombe, sigara na bangi kwa kiasi kidogo. Wale wa timu nao walivuta kidogo, lakini wa sekondari walikunywa zaidi. Kwa hiyo anayemvuta mtoto kwenye chupa si mazoezi. Ni watu anaokaa nao akishavua daluga.

Wewe uko Busia, wala huhitaji Mmarekani akueleze hili. Chukua mechi ya Jumamosi ya timu ya mtaa, ile ya kugombea mbuzi. Mawinga wawili ni watoto wa S3, kiungo ni dereva wa boda boda mwenye miaka 27, kipa ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana mke na watoto. Filimbi ya mwisho inalia saa kumi na mbili kasorobo. Mbuzi anapelekwa kuchinjwa nyuma ya duka, na nyama haitaiva kabla ya saa tatu usiku. Hayo masaa matatu vijana wanakaa na nani? Mdhamini, mara nyingi mtu anayetafuta kura, ameacha kreti mbili, moja ya soda na nyingine si ya soda. Aliyefunga bao hataambiwa achukue soda. Ataambiwa leo amekuwa mwanamume. Kocha, kama yupo, ameshapanda pikipiki yake kitambo. Jirani yako aliyaona hayo, na aliona sawasawa.

Ongeza kwamba pombe yenyewe imejishona kwenye jezi. Ligi kuu yetu ya raga imebeba jina la bia kwa miaka. Katika tafiti zilizofanywa kwa vijana wa mitaa ya mabanda ya Kampala na mtafiti Monica Swahn pamoja na Rogers Kasirye wa UYDEL, shirika la vijana la Uganda, vijana waliokumbana zaidi na matangazo ya pombe na vinywaji vya bure walikuwa pia na matatizo zaidi ya unywaji. Serikali ilipiga marufuku waragi, pombe yetu kali, ya vipakiti mwaka 2019, na hatua hiyo ilisaidia kuitoa mfukoni mwa sare za shule, ila chupa ndogo bado zipo, na umri wa miaka 18 ulioandikwa kwenye sheria hauulizwi na mtu kwenye sherehe ya mbuzi.

Hata hivyo, uamuzi wa jirani wa kumtenga kijana na michezo siukubali, kwa sababu mwanao alishatengwa. Soma tena barua yako: aliachwa kikosini, kisha ukasikia bangi. Kijana aliyekuwa na mazoezi siku kadhaa kwa wiki, akiitwa namba saba na shule nzima, siku moja jina lake halikusomwa. Jioni zote zikabaki tupu, na marafiki aliokuwa nao uwanjani wakaendelea kwenda uwanjani bila yeye. Nchini Finland watafiti waliwafuatilia mapacha tangu ujana hadi utu uzima, na ripoti yao ya 2009 iliyoongozwa na Tellervo Korhonen ilionyesha kwamba waliokaa bila mazoezi mfululizo katika miaka ya ujana ndio waliokuwa kwenye hatari zaidi ya kutumia dawa za kulevya baadaye. Mapacha ni muhimu hapa. Wamelelewa nyumba moja na mama mmoja, kwa hiyo huwezi kusema tofauti yote ilitokana na malezi.

Lakini usikimbilie kuamini kwamba kuachwa kikosini ndiko kulikoleta bangi. Inawezekana bangi ilitangulia, pumzi ikapungua, akaanza kuchelewa mazoezini, kocha akamwacha. Njia ya kujua si kumwuliza "unavuta?" maana atakujibu hapana na mazungumzo yataishia hapo. Mwulize habari za kikosi: nani alichukua nafasi yake, kocha alimwambia nini, alijisikiaje siku ile. Kisha nyamaza umsikilize, hata akichukua muda mrefu kuanza. Wavulana wengi ninaowaona hueleza bangi wenyewe wanapofika katikati ya hadithi ya mpira.

Kuhusu kibanda cha video, naomba niseme jambo moja kama mabano. Wazazi wengi huniambia "huyu anapenda sana mpira", kumbe anapenda kuutazama. Saa nne za Ligi ya Uingereza kwenye benchi la mbao, chumba hakina dirisha, mairungi shavuni na tiketi ya kubeti mkononi, si michezo hata kidogo. Sheria ya Uganda ya 2016 inakataza kubeti kwa yeyote aliye chini ya miaka 25, kwa hiyo pale ndani karibu kila mtu amevunja kitu.

Sasa mwili wenyewe, kwa sababu hapa ndipo mazoezi yanaposaidia kweli, na ndipo shangazi anapokosea kidogo. Mazoezi hayafanyi kazi kwa kumchosha mtu. Kijana aliyechoka anaweza kuvuta bangi vizuri sana, na wengi huvuta hasa ili walale. Mtu akikimbia kwa kasi ya wastani kwa muda, damu yake hupata kwa wingi kemikali inayoitwa anandamaidi, ambayo mwili huitengeneza wenyewe na ambayo hufanya kazi kupitia milango ileile ya ubongo inayotumiwa na bangi. Ndiyo maana mkimbiaji hutulia na kujisikia vizuri baada ya mbio. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kiliwachukua wavutaji wakubwa 12 wa bangi ambao hawakuwa na nia ya kuacha, wakawatembeza na kuwakimbiza kwenye mashine nusu saa kila mara, mara 10 ndani ya majuma mawili. Uvutaji wao ulishuka kwa zaidi ya nusu. Walikuwa watu wazima, walikuwa 12 tu, na hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo nautaja kama dalili njema wala si kama ushahidi wa kumaliza kesi. Kwa sigara ushahidi ni mzito zaidi: kutembea haraka hata kwa dakika 10 au 15 hupunguza hamu ya kuvuta kwa muda. Kwa muda, si kwa siku nzima.

Mwanao akiacha bangi aliyokuwa akivuta kila siku, tegemea ndani ya siku moja au mbili awe na hasira, akose usingizi, chakula kisipande. Huwa kali zaidi katika wiki ya kwanza na huweza kuendelea wiki mbili au zaidi. Familia nyingi huvunjika moyo hapa, zikidhani mtoto amekuwa mkaidi zaidi kuliko alipokuwa akivuta. Mazoezi husaidia kurudisha usingizi na hamu ya kula, na wewe unaweza kusaidia kwa kutogombana naye kuhusu sahani ambayo hakuimaliza.

Hapo ndipo ninapotaka mzee anisikilize, kwa heshima zote. Alfajiri ni saa mbaya kwa kijana ambaye amekesha akigeuka kitandani. Na mbio za adhabu humfundisha mtoto kuzichukia mbio. Shule zetu zimeshafanya hivyo vya kutosha: aliyechelewa akimbie raundi tano, aliyepiga kelele apige pushapu, kisha tunashangaa mtu akimaliza S4 hagusi mazoezi tena. Mzee ana kitu ambacho akademi haiwezi kumpa mwanao, yaani baba anayejua mazoezi ni nini. Basi ahamishe muda. Saa kumi na moja jioni, muda uleule ambao kibanda cha video kinaanza kujaa, watoke wote wawili. Wasizungumze bangi njiani. Wakitembea haraka badala ya kukimbia, sawa. Shirika la Afya Duniani linashauri vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuutumia mwili kwa nguvu ya wastani au zaidi, na ndani yake kuna kutembea haraka, kuendesha baiskeli, hata kuchota maji kisimani kwa mwendo. Duniani kote, kwa takwimu za 2016, vijana 81 kati ya 100 hawakufikia kiwango hicho. Wasichana walikuwa 85 na wavulana 78, kwa hiyo dada mtu naye msimwache nyumbani akiosha vyombo.

Ukifika kwenye kuchagua timu au akademi, usiulize kwanza ada wala kama wana mawakala wa Ulaya. Uliza wachezaji wa umri gani hufanya mazoezi pamoja. Uliza nani huwa na vijana kuanzia filimbi ya mwisho hadi kila mmoja afike kwao, na nauli hutolewa vipi. Uliza mchezaji akikutwa na bangi hufanyiwa nini: kocha anayejibu "namfukuza palepale" atamrudisha mwanao kwenye kibanda, na anayejibu "hayo kwangu hayapo" haangalii. Ninayemtafuta mimi ni yule atakayesema humpumzisha kwenye mechi lakini humtaka aje mazoezini. Kisha nenda Jumamosi moja bila kuaga, ukae mpaka mwisho, mpaka baada ya mwisho.

Si lazima iwe mpira. Philip Veliz wa Michigan alikuta kwamba michezo ya kugongana, kama futiboli ya Kimarekani na mieleka, ndiyo iliyokwenda na ulevi zaidi kwa vijana, tofauti na michezo isiyo na kugongana. Winga ana kasi. Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, bingwa wa Olimpiki wa mbio ndefu, alianza na kandanda kabla ya kugeukia mbio, na sote tunajua alikofika. Simwambii mwanao atakuwa Cheptegei, wala wewe usimwambie. Nasema tu kwamba uwanja una njia ya kukimbilia pembeni yake.

Watu hunitajia Iceland kila mara, kama nchi iliyowatoa vijana kwenye ulevi kwa michezo, kwa hiyo niimalize hapa. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa huko wa miaka 15 na 16 walisema walilewa ndani ya mwezi uliopita. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Ni kweli walijaza vijana kwenye michezo iliyopangwa, na jiji la Reykjavik huwapa wazazi ruzuku ya kulipia michezo na shughuli nyingine za watoto wao. Lakini pia waliweka saa ya watoto kuwa ndani usiku, wazazi wakakubaliana kwa maandishi kutoruhusu pombe kwenye nyumba zao, umri wa kununua pombe ukawa 20 na ukasimamiwa, na makocha wakawa watu waliosomea kazi hiyo na kulipwa. Anayechukua viwanja na kuacha hayo mengine amechukua sehemu iliyo rahisi kupigwa picha.

Kuna mambo ya hatari ambayo sitayapitia haraka. Mairungi ina kathinoni, kichangamsho kinachopandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu na kuondoa njaa na usingizi. Vijana huitafuna kabla ya mazoezi wakidhani ni pumzi ya ziada, kisha wanakimbia juani bila kula wala kunywa maji ya kutosha. Siku ya mashindano, kathinoni na bangi zote zimo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa na shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, na tangu Januari 2024 tramadoli, dawa kali ya maumivu, imeongezwa. Hilo mwambie, vijana wanaoota kucheza mbali hulisikia kuliko habari za mapafu.

Na kama umewahi kusikia harufu ya petroli, gundi au mafuta ya ndege kwake au kwa wenzake, yale yanayonuswa na watoto wa mitaani Kampala, basi siku hiyo asikimbizwe, asifukuzwe, asishtuliwe. Mivuke hiyo huufanya moyo uwe mwepesi kuvurugika mapigo unapopokea adrenalini, na kijana anaweza kuanguka na kufa akikimbia, hata kama ni mara yake ya kwanza kunusa. Mkalishe mahali penye hewa, zungumza naye kwa upole, mengine yatasubiri. Vilevile, kijana anayetetemeka mikono asubuhi mpaka apate waragi hatakiwi kusimamishwa pombe ghafla nyumbani wala kupelekwa mbio. Anaweza kupata degedege. Huyo ni wa hospitali.

Kwa mwanao ningekwenda hospitali kama anavuta kila siku, kama amejaribu kuacha akashindwa, na bila kusubiri hata siku moja kama anasikia sauti, anaamini watu wanamfuatilia au anasema hataki kuishi. Hospitali za rufaa za Mbale na Jinja zina vitengo vya afya ya akili, na Butabika, Kampala, ina kitengo maalumu cha pombe na dawa za kulevya. Usimpeleke polisi "wamtishe kidogo". Sheria mpya ya dawa za kulevya, iliyokuja baada ya ile ya zamani kubatilishwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2023, ina adhabu nzito, na faili likishafunguliwa si wewe unayeamua litafungwa lini.

Shule zikikaribia kufunguliwa, nenda mwenyewe ukamwone mwalimu wa michezo. Usianze na mkuu wa shule, kwa kuwa shule nyingi za bweni zikisikia bangi hufukuza kwanza na kuuliza baadaye, na mtoto aliyefukuzwa Busia ataishia kwenye kibanda kilekile. Mwambie mwalimu kwamba kijana aliumia kuachwa, na umwombe arudi mazoezini hata asipowekwa kikosini. Kwenye mtaala wa 2020 somo la mazoezi ya mwili ni la lazima S1 na S2 tu, hivyo akiwa S3 hakuna mtu atakayemtoa darasani jioni asipotolewa na mchezo. Mwalimu akisema nafasi zimejaa, omba riadha. Kule hakuna benchi, kila aliyekuja anakimbia.